Rowland Hill na Barua ya Peni Moja

Barua ni kitu chepesi. Karatasi moja, wino kidogo, na maneno ya mtu aliye mbali. Basi, ndiyo barua. Walakini mambo makubwa hupita ndani yake. Kwa barua mwana aliye safarini humwarifu mamaye ya kuwa yu mzima. Mfanya biashara huagiza mali. Mwenye shida huomba msaada. Na rafiki humpa pole rafiki yake aliyefiwa. Sauti ya mtu haifiki mbali, wala mjumbe hakumbuki kila neno aliloambiwa, bali barua husema leo na kesho maneno yale yale. Ndiyo sababu watu wa pwani husema ya kuwa waraka ni nusu ya kuonana.

Lakini zamani, hata katika nchi zenye shule nyingi na barabara njema, maskini hawakuweza kuipata nusu hiyo, kwa kuwa bei ya kupeleka barua ilikuwa kubwa mno. Mtu aliyewaondolea shida hiyo alikuwa mwalimu wa shule wa Uingereza, jina lake Rowland Hill. Hii ndiyo habari ya maisha yake.

Rowland Hill alizaliwa tarehe 3 Desemba, 1795, katika mji wa Kidderminster, mji wa wafumaji wa mazulia. Baba yake alikuwa mtu wa elimu, mpenda hesabu na habari za nyota, lakini fedha hakuwa nayo. Taabu ya kuitunza nyumba na watoto ilimwangukia mama yake, Sarah, naye alikuwa mwanamke hodari na mwenye busara. Rowland alikuwa dhaifu wa mwili. Alipougua alilazwa karibu na moto wa nyumbani muda mrefu, asiweze kucheza na ndugu zake. Ili apitishe saa zile, alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, na kuendelea, mpaka akafika kwenye malaki. Wengine waliona ni mchezo wa mtoto mgonjwa. Lakini kupenda hesabu huku ndiko kulikoleta faida kubwa baadaye.

Siku zile desturi ya Posta ilikuwa mtu aandikaye barua asilipe kitu, bali alipe yule apelekewaye. Tarishi alikuja mlangoni na barua mkononi, akataja bei. Mwenye nyumba akiwa na fedha alipewa barua yake, na asipokuwa nayo barua ilirudishwa. Mama yake Rowland aliogopa kusikia tarishi akigonga mlango, kwa maana pengine nyumbani hamkuwa na shilingi hata moja. Mara moja Rowland, angali mtoto, alitumwa mjini na mfuko wa nguo kuukuu aziuze, ili ipatikane fedha ya kulipia barua. Hakuisahau siku ile maisha yake yote. Watoto wengi wameona umaskini. Lakini si wengi waliokua wakajiuliza sababu ya umaskini ule, na njia ya kuuondoa.

Baba yake akafungua shule karibu na mji wa Birmingham, na Rowland alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi akaanza kumsaidia kufundisha. Mchana alifundisha wenziwe, na usiku alijifunza mwenyewe. Mwaka 1819 yeye na ndugu zake walijenga shule nyingine, iliyoitwa Hazelwood, ikawa mashuhuri kwa desturi zake mpya. Katika shule nyingi za wakati ule fimbo ndiyo iliyotawala. Lakini Hazelwood fimbo iliwekwa kando. Wanafunzi walitunga sheria zao, wakawa na baraza lao la kuamua makosa, na kengele zilipigwa kwa saa zake bila kukosea hata dakika. Bwana Hill aliamini ya kuwa utaratibu mwema huondoa taabu nyingi kuliko ukali. Mwaka 1827 alimwoa Caroline Pearson, na katika mwaka uo huo shule ikahamia Tottenham, karibu na London. Miaka michache baadaye aliacha kazi ya ualimu, akaingia kazi nyingine. Lakini macho ya mwalimu wa hesabu hakuyaacha.

Sasa yatupasa kueleza jinsi Posta ya Uingereza ilivyokuwa, ili tupate kuelewa kazi aliyoifanya. Bei ya barua ilikadiriwa kwa mambo mawili: umbali wa safari, na idadi ya karatasi. Barua ya karatasi moja kutoka London mpaka Edinburgh, mwendo wa maili 400 hivi, ililipiwa zaidi ya shilingi moja. Nayo shilingi moja ilikuwa karibu sawa na ujira wa kibarua wa shamba kwa siku nzima. Karatasi zikiwa mbili, bei ilikuwa mara mbili. Bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi, kwa hiyo watu hawakutumia bahasha, bali walikunja barua yenyewe na kuandika anwani juu yake. Wengine, wakiisha kujaza ukurasa, waliugeuza upande na kuandika mistari mingine juu ya ile ya kwanza, ikikatizana kama nyuzi za jamvi, ili wasiongeze karatasi ya pili. Nao makarani wa Posta waliinua kila barua mbele ya mshumaa, waone kama ndani mna karatasi moja au mbili. Kazi hiyo ilikula saa nyingi, tena ilikuwa aibu, kwa maana barua ni siri ya wenyewe.

Wenye nguvu hawakuona taabu hiyo. Wajumbe wa Bunge walikuwa na ruhusa ya kupeleka barua zao bure, na jamaa na rafiki zao wakapata faida humo. Lakini msichana aliyetoka kijijini kwenda kuwa mtumishi mjini, au kijana aliyekwenda kufanya kazi ya kiwanda, alikuwa kama amevuka bahari. Wazazi walikaa miaka bila kujua kama mtoto wao yu hai au amekufa. Hawakukosa kupendana, walikosa shilingi.

Mshairi mmoja, jina lake Coleridge, alisimulia kisa hiki. Siku moja, alipokuwa akisafiri upande wa kaskazini wa Uingereza, alimwona tarishi akimpa mwanamke barua mlangoni. Mwanamke akaipokea, akaitazama nje, kisha akairudisha, akasema hana shilingi ya kuilipia. Barua ilitoka kwa ndugu yake. Coleridge akamhurumia, akailipia mwenyewe, ingawa yule mwanamke alijaribu kumzuia. Tarishi alipokwisha kwenda zake, mwanamke akaifungua barua, akamwonyesha: haikuandikwa neno hata moja. Yeye na ndugu yake walikuwa wamepatana ya kuwa, maadamu mambo ni mema, kila miezi mitatu ataletewa karatasi tupu. Akiuona mwandiko wa anwani atajua ndugu yake hajambo, wala hatalipa kitu. Twaweza kucheka werevu wao. Lakini ni sheria gani hiyo inayowafanya watu wema kuwa wadanganyifu kwa ajili ya kujuliana hali?

Bwana Hill hakuwa mtu wa Posta. Alipata vitabu vingi vya hesabu za serikali, akavisoma kama mwalimu asomavyo daftari za wanafunzi, akitafuta mahali lilipo kosa. Kwanza aliona ya kuwa tangu mwaka 1815 mpaka mwaka 1835 watu wa nchi walikuwa wameongezeka sana, na biashara imezidi, lakini mapato ya Posta hayakuongezeka hata kidogo. Maana yake ni kwamba bei kubwa iliwafukuza watu. Pili, alitafuta gharama ya kuichukua barua moja kwa gari la farasi kutoka London mpaka Edinburgh. Alipokwisha kugawanya gharama ya safari kwa barua zote zilizochukuliwa, akastaajabu: peni moja ilitosha kuchukua barua 36 kwa safari ile ndefu! Basi gharama haikuwa katika umbali. Ilikuwa katika makarani waliokadiria bei ya kila barua, na matarishi waliosimama milangoni kungoja fedha, na vitabu vya kuandika madeni hayo yote.

Kwa hesabu hiyo akafanya shauri lenye mambo matatu. La kwanza, barua zote zitozwe bei moja, ziende karibu au mbali, maadamu ni ndani ya nchi. La pili, bei iwe kwa uzito, si kwa idadi ya karatasi: peni moja kwa barua isiyozidi nusu wakia. La tatu, alipe mwenye kupeleka, tena alipe kwanza. Na ili kulipa kuwe rahisi, pawe na kipande kidogo cha karatasi chenye chapa ya serikali mbele na gundi nyuma, ambacho mtu ataweza kukinunua, akilowe kidogo, na kukibandika juu ya barua yake. Kipande hicho ndicho tukiitacho stempu. Mwaka 1837 aliyaandika hayo yote katika kijitabu, akakipeleka kwa wakuu wa serikali.

Wakuu wa Posta walimcheka. Lord Lichfield, aliyekuwa mkuu wao, aliona shauri hili kuwa ndoto ya mtu asiyejua kazi, akasema nyumba za Posta zitapasuka kwa wingi wa barua. Lakini watu wa nchi hawakucheka. Wafanya biashara wa London wakafanya chama cha kumsaidia. Mjumbe mmoja wa Bunge, Robert Wallace, akasimamia uchunguzi wa jambo hili. Na kutoka miji mingi yakaletwa maombi zaidi ya 2,000 mbele ya Bunge. Matajiri waliweka majina yao, na maskini waliweka yao. Hata tarehe 17 Agosti, 1839, Malkia Victoria akaikubali sheria mpya.

Tarehe 10 Januari, 1840, bei ya peni moja ilianza kwa nchi nzima. Siku hiyo ruhusa ya kupeleka barua bure ilikoma. Hata Malkia mwenyewe aliiacha haki yake. Tangu siku hiyo barua ya mtumishi na barua ya tajiri zilikwenda katika mfuko mmoja kwa bei moja. Tarehe 6 Mei mwaka huo stempu ya kwanza ya gundi duniani ikaanza kutumika. Ilikuwa nyeusi, na juu yake palikuwa na sura ya Malkia. Sura ya mtu ilichaguliwa kwa hekima, kwa sababu macho yetu huona upesi sura ikibadilika kidogo, na hivyo mwenye kughushi hutambulikana. Stempu 240 zilipigwa chapa katika karatasi moja, 12 kila mstari, mistari 20. Kwa kuwa peni 12 zilikuwa shilingi moja, na shilingi 20 zilikuwa pauni moja, karani aliuza mstari mzima kwa shilingi, na karatasi nzima kwa pauni, bila kuumiza kichwa. Watu walizikata kwa makasi, kwa maana vitundu vya kuchania havikuwapo bado.

Mwaka 1839 barua zilizopelekwa zilipata milioni 76. Mwaka 1840 zikawa milioni 169. Na mwaka 1854 zilizidi milioni 400. Nyumba za Posta hazikupasuka. Jamaa waliotengana wakaandikiana. Wenye maduka walipeleka bei za bidhaa zao na kupokea maagizo. Waliotafuta kazi waliandika kuiomba mahali ambako miguu yao isingefika. Watu wazima wasiojua kalamu wakaona sababu ya kujifunza kusoma na kuandika, kwa maana sasa walikuwa na wa kumwandikia.

Walakini haifai kuyasimulia mema tu. Bwana Hill alikosea katika jambo moja. Alidhani ya kuwa faida ya serikali itarudi upesi kwa wingi wa barua, lakini ilipungua sana, ikapita miaka zaidi ya 20 kabla ya kufikia kiasi cha kwanza. Tena alikuwa mtu mgumu kazini, asiyependa kubishiwa, na wengi waliofanya kazi pamoja naye hawakumpenda. Adui zake waliitumia ile hasara kuwa sababu, na mwaka 1842 serikali mpya ikamwondoa kazini, kazi yake ikiwa nusu tu. Mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye akaingia kazi ya reli, akawa mwenyekiti wa kampuni moja, akaleta utaratibu mwema huko nako. Watu wa nchi hawakumsahau. Wakachanga pauni 13,000, wakampa kuwa shukrani.

Mwaka 1846 serikali ilimwita tena Posta, na mwaka 1854 akawa katibu mkuu wake. Ndipo alipopata kuendeleza kazi yake. Vitabu vilianza kupelekwa kwa bei nafuu. Mji wa London ukagawanywa sehemu kumi, ili barua zisipotee wala kukawia. Ada ya hawala za fedha ilikuwa imekwisha kupunguzwa tangu mwaka 1840, na sasa watumishi na vibarua wengi walipeleka sehemu ya ujira wao kwa wazazi wao kwa njia hiyo. Mwaka 1860 alipewa cheo cha heshima, akaitwa Sir Rowland Hill. Mwaka 1864 aliacha kazi kwa ajili ya udhaifu wa mwili, na Bunge likampa pauni 20,000. Alifariki tarehe 27 Agosti, 1879, akazikwa katika kanisa la Westminster, walimozikwa wafalme. Mtoto aliyeuza nguo kuukuu ili mama yake asome barua akawekwa karibu na wakuu wa nchi.

Shauri lake halikukaa Uingereza tu. Brazil ilitoa stempu zake mwaka 1843, Marekani mwaka 1847, Ufaransa mwaka 1849. Mwaka 1874 wajumbe wa nchi 22 walikutana katika mji wa Bern, wakaanza umoja wa Posta wa mataifa, ili barua ya nchi moja ipokewe na kupelekwa katika nchi nyingine bila ugomvi wa malipo.

Hata Afrika ya Mashariki iliguswa. Hapa kwetu barua zilichukuliwa baharini kwa jahazi, na bara kwa miguu ya matarishi pamoja na misafara. Mwaka 1890 kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ya Mombasa ilitoa stempu zake. Na mwaka 1895, huko Uganda, mmisionari mmoja, Ernest Millar, alizifanya stempu za kwanza za nchi hiyo kwa mashine yake ya kuandikia, moja moja; na kwa kuwa fedha ya huko ilikuwa kauri, bei iliyoandikwa juu yake ilikuwa idadi ya kauri. Tangu shule ya Hazelwood mpaka Mengo ni mbali sana, lakini fikira ilikuwa ile ile moja: mwandikaji alipe kwanza, na kipande kidogo cha karatasi kiwe shahidi wake.

Basi, mwanafunzi, uonapo stempu kumbuka ya kuwa kazi yake ni kuyapa njia maneno ya watu. Ziko barua za jamaa na rafiki, za kujuliana hali, kushukuru, kupongeza na kupa pole. Hizo ziandikwe kwa upole, kama mtu azungumzavyo nyumbani. Ziko barua za biashara na za kuomba kazi. Hizo ziwe fupi, zitaje jambo, kiasi na siku bila kuzungukazunguka. Ziko barua za serikali na za wakubwa, nazo zataka heshima na ukweli. Kila barua iwe na mahali ilipoandikwa, tarehe, salamu, habari yenyewe, na jina la mwandishi. Na anwani isomeke wazi. Watu walipata taabu kwa miaka mingi ili barua yako ifike. Usimwache mzazi wako akingoja habari zako.

Maswali

1. Kwa nini mama yake Rowland aliogopa kumsikia tarishi mlangoni?
2. Bwana Hill aligundua nini alipohesabu gharama ya barua iendayo Edinburgh?
3. Taja mambo matatu ya shauri lake.
4. Eleza jinsi yule mwanamke na ndugu yake walivyojuliana hali bila kulipa.
5. Karatasi moja ilikuwa na stempu 240. Kama karani aliuza mistari 7, alipokea shilingi ngapi?
6. Mwandikie barua mtu wa jamaa yako akaaye mbali, umpe habari za shule yako.